Risasi za marisau za marehemu babu: sita kati yake zimezibwa kwa nta. Kwa nini?

#1 Mwana wa Muheza

Wakuu habari za jioni.

Babu mzaa baba alitutoka mwaka juzi. Alikuwa na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ya leseni, ya kulindia shamba dhidi ya ngedere na nguruwe pori. Baada ya arobaini baba aliipeleka polisi, ikapokelewa, tukajua mambo yameisha. Juzi tunahamisha vitu ili tubadilishe bati, chini kabisa ya sanduku lake la chuma tukakuta kasha la karatasi limeviringishwa kwenye kipande cha kaniki. Ndani mna risasi 17.

Kila moja ina unene wa kidole gumba. Kitako ni cha shaba, mwili ni wa karatasi ngumu iliyofifia, sijui ilikuwa nyekundu au ya chungwa. Kitakoni pameandikwa ELEY-KYNOCH, I.C.I. na 12. Mdomoni kuna duara la kadi, na ukingo wa karatasi umekunjwa kwa ndani kuishikilia. Kumi na moja zina namba 5 kwenye kadi. Sita hazisomeki, kwa sababu juu ya kadi pamemwagwa nta hadi ukingoni, nta ngumu ya rangi ya asali iliyokaa sana. Na hizo hizo sita zina nta nyembamba kule kitakoni pia, kuzunguka kile kiduara cha katikati. Zile kumi na moja hazina nta popote.

Maswali yangu: nta ni ya nini? Je, bado zinafyatuka? Mjomba anataka kuzijaribu kwa bunduki ya jirani, anasema baruti haiozi. Na je, ni kweli kuna watu wanakusanya vitu hivi?

Nawasilisha.

#2 Kisiki cha Mpingo

Picha mkuu. Uzi bila picha ni pilau bila nyama.

#3 FundiMitutu

Kabla ya picha, mzuieni mjomba. Leo, si kesho. Nimetengeneza bunduki za watu wenye leseni zaidi ya miaka ishirini, na kazi nyingi za mitutu iliyovimba zilizopita mezani kwangu zilianza na neno hilo hilo, "tujaribu moja tu".

Risasi ya marisau ina vitu vitano. Fataki, ndicho kile kiduara cha kitakoni kinachogongwa. Baruti. Kizibo, ambacho zamani kilikuwa cha sufu iliyoshindiliwa. Marisau yenyewe, zile chembe ndogo zinazoruka. Na ganda linaloshika vyote, ambalo lako ni la karatasi. Vyote vitano vinachakaa, ila kila kimoja kwa mwendo wake, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ikiwa fataki ni nzima na baruti imelowa, utapata mlio dhaifu na kizibo kubaki katikati ya mtutu. Mjomba ataona haikulia vizuri, ataweka ya pili, na ya pili itakikuta kizibo cha kwanza kimeziba njia.

Kuhusu nta: unyevu. Muheza ina masika, ina vuli, ina ukungu unaoshuka kutoka Amani. Karatasi hunywa maji hewani, ikavimba, ikagoma kuingia kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Wazee walikuwa wanaziba kwa nta.

#4 Mama Rehema

Fundi umenifundisha kitu. Mimi kwa umri wangu fataki ni yule mzee wa kwenye matangazo ya redio aliyekuwa akiwarubuni wanafunzi wa kike.

#5 Kisiki cha Mpingo

@Mama Rehema, neno ni lile lile. Bibi zetu walisema bunduki ya fataki kuitofautisha na ya gumegume, iliyokuwa ikiwashwa kwa cheche za jiwe. Halafu kuna korofindo, na gobole ambalo hadi leo lipo vijijini. Lugha imeweka kumbukumbu nzuri ya bunduki kuliko makumbusho.

#6 Nyikani77

@FundiMitutu naheshimu ufundi wako, ila nta ya unyevu haijaniingia. Mtu anayeogopa unyevu anaziba zote 17. Kwa nini sita tu?

Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, enzi ambazo mkuu wao bado aliitwa Bwana Nyama. Risasi zake alizibeba mfukoni kwenye koti la kaki, mchana kutwa, kwa miguu. Ule ukingo uliokunjwa, ukisuguana na funguo na kisu, hulegea. Kadi inachomoka, marisau yanamwagika mfukoni. Nimeyaokota mwenyewe nikiwa mtoto, tukayafanya gololi za kuchezea. Alidondoshea nta ya mshumaa kushikilia kadi. Hizo sita ni zile alizokuwa akitembea nazo babu, nyingine zilikaa ndani.

#7 Mwana wa Muheza

Ahsanteni. Picha sitaweka, baba amekataa. Mjomba tumemwambia, amenuna.

@Nyikani77 kwa ulivyosema nimezitazama upya. Karatasi za zile sita zimesuguliwa kweli, maandishi ya ubavuni yamefutika. Za zile kumi na moja yanasomeka. Lakini kama nta ni ya kushika kadi, ya kitakoni inashika nini?

#8 Bwana Shamba Mstaafu

Jibu ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Risasi namba 5 ni ya ndege, kanga na kwale. Nguruwe humwui kwa namba 5, utamjeruhi tu aende akafie porini. Kwa nguruwe babu alihitaji SG, yenye chembe kubwa. Kwa hesabu ya Waingereza wakia moja ya namba 5 ina chembe 220, na wakia moja ya SG ina chembe 8 tu. Ziko sita, zina nta: ni SG zilizochanganywa kwenye kasha la namba 5, na nta ni alama.

#9 Kisiki cha Mpingo

Basi akwangue nta moja asome kadi, ubishi uishe.

#10 FundiMitutu

@Kisiki usimfundishe mtoto wa watu kukwangua risasi ya zaidi ya miaka hamsini kwa kisu. Kadi ya juu si hatari, lakini atakayeanza na kadi ataishia kwenye fataki. Wala kuzipima uzito hakusaidii, namba 5 na SG za kasha moja hukaribiana.

@Bwana Shamba hoja yako nzuri, ila SG inaandikwa SG kwenye kadi. Kwa nini mtu afunike maandishi yanayomwambia kilichomo, kisha aweke alama ya kumwambia kilichomo?

#11 Bwana Shamba Mstaafu

Kwa sababu usiku hakuna kusoma. Nguruwe wanakuja saa nane za usiku kwenye mihogo, na ukiwasha taa wameshaondoka.

#12 Jicho la Mwewe

Mnazunguka. Hiyo ni mbinu ya majangili, nta inachanganywa na marisau ili yatoke kama donge moja badala ya kusambaa. Huko kwetu Rukwa imetumika sana.

#13 FundiMitutu

Mbinu ipo, na imevunja mitutu na vidole. Lakini nta hiyo huwa ndani, na kadi ya juu huwa imetolewa. Mleta uzi anasema kadi ipo na nta iko juu yake. Pia tusimwite marehemu jangili, alikuwa na leseni na shamba la kulinda.

#14 Jicho la Mwewe

Sikumaanisha babu wa mtu. Samahani mleta uzi.

#15 Mtanga wa Leicester

Nipo Uingereza, nakusanya makasha na maganda ya zamani, kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni ndiyo. Kuna chama cha Ulaya kizima, ECRA, cha watu wanaotafiti na kukusanya risasi tu. Kinachotafutwa sana ni maganda ya karatasi yenye majina ya maduka madogo. Zamani hapa kila mji mdogo ulikuwa na muuza vyuma au fundi bunduki aliyenunua maganda matupu kwa mtengenezaji mkubwa, akajaza mwenyewe, akachapisha jina lake ubavuni na mara nyingine picha ya kanga mwitu au sungura. Ndiyo maana jina la ubavuni mara nyingi ni la muuzaji. Aliyetengeneza ganda utamsoma kitakoni.

Eley ni jina la London tangu 1828. Kynoch ni la Witton, Birmingham, tangu 1862. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza zote zikaingia chini ya kampuni ya Nobel, na 1926 Nobel ikaingia kwenye kampuni ya kemikali ya ICI. Kwa hiyo risasi yako haiwezi kuwa ya kabla ya 1926. Tuambie ubavuni mwa kasha pameandikwa nini, kwa maneno yake yote.

#16 Mkulima wa Kitale

Hamjambo ndugu. Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na wazee wengi walibaki na makasha ambayo hawakuyamaliza. Nairobi ya mkoloni ilikuwa na maduka ya bunduki yenye jina, Charles A. Heyer na Shaw & Hunter, na kasha la karatasi lenye kibandiko cha moja ya hayo ni kitu ningependa sana kukiona tena.

Ninachotaka kusema ni hiki. Marehemu mjomba wangu alichanganya kwenye mkoba mmoja risasi za namba 12 na za namba 20, zote za karatasi, zote nyekundu. Jioni akaweka ya 20 kwenye bunduki ya 12. Ni nyembamba, ikateleza ikapita chemba, ikakwama mbele kidogo. Akabonyeza, kimya. Akafungua, akaona chemba tupu, akadhani hakuweka kitu. Akaweka ya 12 nyuma yake.

Mtutu wa kushoto ulifunguka kama ua la mgomba. Alibaki na vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na hadi anakufa alikuwa akishika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Ndiyo sababu siku hizi za namba 20 hutengenezwa za njano. Ukikuta mchanganyiko wa zamani, rangi isikudanganye, soma kitako.

#17 Mama Rehema

Pole sana Mkulima.

Sasa hizo namba 12 na 20 zinahesabu nini? Nilidhani 20 ndiyo kubwa.

#18 FundiMitutu

Ni kinyume. Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini ya risasi yenyewe, uigawe vipande 12 sawa, kila kipande ukifanye gololi. Upana wa gololi hiyo ndio upana wa mtutu wa namba 12, kama milimita 18 na nusu. Ukigawa ratili hiyo hiyo mara 20, gololi inakuwa ndogo. Ila bunduki ndogo ya .410 haihesabiwi hivyo, hiyo ni upana wa mtutu kwa inchi.

#19 Mwalimu wa Kemia

Naomba nimjibu mjomba kuhusu "baruti haiozi", kwa sababu ana nusu ya ukweli.

Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, kwa vipimo vya karibu 75, 15 na 10. Ikikaa pakavu inaweza kudumu miaka mingi mno, adui wake mkubwa ni maji. Lakini risasi ya mleta uzi, kwa umri wa ICI, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na baruti isiyo na moshi, ambayo msingi wake ni pamba au mbao zilizotiwa asidi ya nitriki. Hiyo inaoza. Inajivunja yenyewe polepole na kutoa gesi za asidi. Kiwandani hutiwa dawa ya kuzinyonya gesi hizo, ila dawa ina kikomo, na joto linaimaliza upesi. Fikiria sanduku la chuma chini ya bati, Tanga, Januari.

Dalili zake ni harufu kali ya asidi puani, karatasi kuwa na madoa ya kahawia, shaba kuota kijani kutokea ndani. Mleta uzi, angalia bila kufungua kitu: kuna kijani?

#20 Mwana wa Muheza

Mwalimu, kijani kipo. Lakini kipo kwenye zile sita za nta tu, kwenye pete ya shaba pale ilipokutana na ile nta ya kitakoni. Kumi na moja ni safi, zimefubaa tu. Harufu sijaisikia zaidi ya ya kaniki na panya.

@Mtanga wa Leicester ubavuni mwa kasha: Imperial Chemical Industries Limited, Metals Division, Birmingham. Na 25 cartridges.

#21 Mwalimu wa Kemia

Basi hizo sita zimeanza kuoza. Nta ilizuia gesi kutoka, asidi ikabaki ndani ikala shaba. Hapo nta imeharibu badala ya kulinda.

#22 FundiMitutu

Hapana Mwalimu. Nta ya nyuki ina asidi za mafuta ndani yake, na shaba ikikaa nayo huota kijani hata kama hakuna baruti jirani. Mikanda ya ngozi ya risasi hufanya hivyo hivyo, utakuta kila risasi ina pete ya kijani pale ngozi ilipoigusa. Kijani kilichoishia kwenye mpaka wa nta kimetoka kwenye nta.

#23 Mwalimu wa Kemia

Inawezekana. Inawezekana pia ni vyote viwili. Kwa macho tu hatuwezi kutenganisha, na mimi sitaki mtu aendelee kuzishika ili tushinde ubishi.

#24 Mtanga wa Leicester

Kasha limetusaidia. Mwaka 1962 ICI ilitenga kazi ya metali ikawa kampuni ya Imperial Metal Industries, na makasha yaliyofuata yakachapwa jina hilo. Lako ni la kabla, au la karibu sana na mwaka huo kama kulikuwa na karatasi zilizobaki stoo.

#25 Kisiki cha Mpingo

Na plastiki iliingia 1960, kwa hiyo karatasi ni ya kabla ya hapo. Tarehe imefungwa.

#26 Mtanga wa Leicester

Hapo pana kosa mkuu. 1960 Remington walileta ganda la plastiki Marekani, ila karatasi haikufa siku hiyo. Imeendelea kutengenezwa, na hadi leo zipo risasi mpya za karatasi madukani kwa wanaopenda harufu na mlio wake. Karatasi peke yake haikupi tarehe. Jina la kampuni kwenye kasha linasaidia zaidi.

#27 Mwana wa Muheza

Hapa ndipo mnaponichanganya. Leseni ya babu ya kwanza, baba ameiona, ilikuwa ya 1971. Kama risasi ni za kabla ya 1962, zilikuwa za nani kwa miaka hiyo tisa?

Babu alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge. Meneja alikuwa Mgiriki. Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa 1967 yule meneja aliondoka, na vitu vingi vya nyumba yake viligawanywa. Meza tunayolia chakula hadi leo ni ya huko.

#28 Nyikani77

Basi huenda nta si ya babu kabisa. Ni ya Mgiriki.

#29 Bwana Shamba Mstaafu

Au duka lilikuwa na mzigo wa zamani. 1971 Tanga ungeweza kununua kitu kilichokaa rafu miaka kumi, hasa risasi, maana wanunuzi ni wachache. Na Tanzania Bara uwindaji ulifungwa 1973 hadi 1978. Mtu wa shamba mwenye kasha lililobaki nusu kipindi hicho angeweza kuona heri azitunze vizuri.

#30 Kipanga wa Nizwa

Assalaam alaykum jamaa. Nasoma uzi huu kutoka Oman na babu yangu wa Pemba ananijia. Huku bunduki za kale zinashikwa kwenye sherehe, na wazee wanaojua kujaza maganda ya shaba upya bado wapo. Mmoja wao aliniambia nta kwenye fataki waliweka watu wa baharini, kwa sababu hewa ya chumvi inaingia hata pale ambapo maji hayaingii. Muheza si mbali na bahari. Babu hakuwa na asili ya Pangani?

#31 Mwana wa Muheza

Mama yake alitoka Pangani, wallahi. Umenisisimua.

#32 Kijana wa Mbezi

Wakubwa, mimi nina leseni, na bunduki niliyorithi ni ya Kiingereza ya mitutu miwili. Naruhusiwa kutumia risasi mpya za dukani?

#33 FundiMitutu

Ipeleke kwa fundi kabla ya kuuliza tena. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chemba ya milimita 65, risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Hatari ni kwamba inaingia bila shida, kwa sababu urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo umefunguka. Ukifyatua, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda. Angalia pia uso wa mtutu. Ukiona michoro ya mawimbi kama ukili wa mkeka, hiyo ni mitutu iliyosokotwa kwa chuma na feleji, na mingi ilifanywa kwa ajili ya baruti nyeusi. Itundike ukutani, kama leseni yako inaruhusu.

#34 Askari Mstaafu

Nimewaacha mwongee, sasa naomba nafasi. Mleta uzi, risasi bila leseni ni kosa kama bunduki bila leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina kifungu cha "zilikuwa za babu". Mwenye leseni alishafariki, bunduki ilisharudi, kwa hiyo hizo 17 hazina mwenyewe kisheria. Msizizike, mtoto atazifukua. Msizichome, msizitupe chooni. Nendeni kituo cha wilaya, mwongee na anayeshughulikia silaha, mweleze mlivyozikuta, naye aseme zifikishweje. Msizibebe kwenye daladala.

#35 Kisiki cha Mpingo

Mkuu lakini kama hazifyatuki si vyuma chakavu tu?

#36 Askari Mstaafu

Nani kakuambia hazifyatuki? Uzi mzima huu hakuna aliyethibitisha.

#37 Mzee wa Handeni

Ninayo moja ya kuongeza. Miaka ya themanini nilikuwa na marehemu kaka kwenye mahindi, usiku. Risasi ya zamani, ya karatasi. Akabonyeza, pini ikalia "ta", basi. Akataka kufungua. Mzee tuliyekuwa naye akamshika mkono akamwambia hesabu kwanza. Tukaanza kuhesabu. Tulipofika kumi na kitu ikalia yenyewe, mtutu ukiwa bado umeelekea shambani. Angefungua ingemlipukia usoni. Hadi leo nikisikia mtu anasema risasi imekufa huwa nahesabu.

#38 FundiMitutu

Kuchelewa kwa sekunde nyingi hivyo ni nadra sana, mzee wangu, kwa kawaida ni chini ya sekunde moja au mbili. Lakini kanuni ya kungoja nusu dakika na mtutu umeelekea salama ipo kwa sababu ya visa kama chako. Yule mzee alimwokoa.

#39 Mwanamke wa Lushoto

Hakuna aliyemtaja panya. Karatasi ile na gundi yake panya anaipenda. Kwetu tulipaka nta hata kwenye vyeti vya kuzaliwa.

#40 Nyikani77

Panya anakula nta pia dada.

#41 Mwanamke wa Lushoto

Ya mshumaa wa duka nakubali. Nta ya nyuki iliyochanganywa na mwarobaini hagusi. Nimekulia humo.

#42 Mwana wa Muheza

Wakuu, nimerudi na taarifa.

Kwanza, tulienda kituoni na baba kama Askari Mstaafu alivyoelekeza. Walikuja wenyewe na gari, wakahesabu zote 17 mbele yetu, wakaandika, tukasaini, wakatupa nakala. Niliomba nibaki na kasha tupu, wakanipa. Lipo mezani hapa, kona moja imeliwa na panya, @Mwanamke wa Lushoto. Kona tu. Ndani ya kifuniko kuna alama za kalamu ya risasi, vijistari vinne na mkato, vinne na mkato, halafu vitatu. Kumi na tatu. 25 kutoa 17 ni nane. Sijui alikuwa akihesabu nini.

Yule afande mwenye umri mkubwa alizitazama zile sita muda mrefu. Nikamuuliza nta ni ya nini. Akasema, "Za kwenu ni za nguruwe hizo." Lakini hakukwangua.

Pili, nimemuuliza bibi. Ana miaka themanini na kitu, masikio yamepungua, kumbukumbu bado. Nilipotaja nta akacheka, akasema nta ile aliiyeyusha yeye, kwenye kijiko juu ya kibatari, babu akizishika moja moja kwa koleo la mkaa. Akanionyesha kwa kidole gumba jinsi alivyoisawazisha kabla haijakauka. Sababu aliyopewa na babu ni ya #11, kwamba akiingiza mkono mfukoni gizani ajue anashika ipi.

Nikamwambia bibi, na ile ya kitakoni? Akaniuliza ya kitakoni ipi. Nikamweleza. Akanyamaza, akasema kule nyuma hakuweka kitu yeye, na babu asingemruhusu kusogeza moto huko.

#43 FundiMitutu

Afadhali ziko mahali salama. Hongera kwa baba.

Bibi ana haki kuhusu moto. Nta ya kitakoni mtu mwenye akili huipaka baridi, kwa kidole. Kwa hiyo ni mikono miwili tofauti.

#44 Kipanga wa Nizwa

Au ni babu mwenyewe, baadaye, kwa sababu ya hewa ya bahari.

#45 Nyikani77

Au Mgiriki, kabla.

#46 Mtanga wa Leicester

Muulize bibi kasha lilikuja nyumbani lini, kabla ya yeye kuolewa au baada. Na usifute vile vijistari.